Nafsi Iliyopandwa: Ubora na Udhaifu wa Masimulizi katika Mchezo wa Kompyuta "Cyberpunk 2077"

Utangulizi

Swali la iwapo mchezo wa kompyuta waweza kuhakikiwa kwa vigezo vya fasihi si geni katika idara za lugha, lakini katika idara za Kiswahili limekuwa likijibiwa kwa haraka mno. Baadhi yetu huikataa michezo hii kwa hoja kwamba ni burudani ya vijana na biashara ya wageni. Wengine, hasa wanafunzi wa uzamili, huikumbatia kwa hoja kwamba ina wahusika, ina msuko na ina mandhari, na kwa hiyo ni fasihi. Hoja zote mbili ni dhaifu. Ile ya kwanza ingetosha kuifukuza hata riwaya, ambayo nayo ilitufikia ikiwa bidhaa ya wageni. Ile ya pili inasahau kwamba hata tangazo la sabuni laweza kuwa na wahusika na msuko. Linalohitajika ni kuusoma mchezo mmoja kwa makini na kuuliza unasema nini, unasemaje, na kama jinsi ya kusema inalisaidia au inalisaliti lile linalosemwa.

Makala haya yanakusudia kufanya hivyo kwa kuuchunguza mchezo wa Cyberpunk 2077, uliotungwa na kampuni ya CD Projekt Red ya Warsaw, Poland, na kutolewa tarehe 10 Desemba 2020. Huu ni mchezo wa mapambano na wa kuvaa uhusika: mchezaji humwongoza mhusika mmoja, humchagulia maneno, silaha na marafiki, na kwa kufanya hivyo hushiriki katika kuamua namna hadithi itakavyokwisha. Ulimwengu wake haukubuniwa na kampuni hiyo. Ulibuniwa na Mike Pondsmith, Mmarekani Mweusi, katika mchezo wa mezani uliochapishwa mwaka 1988, ambao huchezwa kwa kete, karatasi na mazungumzo ya watu walioketi pamoja. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu, tuonavyo, udhaifu mmoja mkubwa wa mchezo wa kompyuta unatokana na kuiacha ile meza.

Kiti na Pepo

Hadithi inatendeka mwaka 2077 katika Night City, mji wa kubuniwa ulioko pwani ya California, ambamo mashirika makubwa ya biashara yana majeshi yao na yana nguvu kuliko serikali. Mhusika mkuu, ambaye jina lake ni herufi moja tu, V, ni mamluki wa mjini. Yeye na rafikiye Jackie Welles wanakodiwa kuiba chipu iliyo mikononi mwa Yorinobu Arasaka, mwana wa ukoo unaolimiliki shirika la Arasaka. Wizi unaharibika. Yorinobu anamnyonga babake, Saburo, ilhali wezi wamejificha chumbani humo humo. Jackie anajeruhiwa na kukata roho ndani ya teksi. Naye V, aliyeipachika chipu kichwani mwake ili isiharibike, anapigwa risasi ya kichwa na yule yule aliyewakodi. Chipu inamfufua. Lakini ndani yake imehifadhiwa nafsi ya Johnny Silverhand, mwanamuziki wa roki aliyeushambulia mnara wa Arasaka kwa bomu la nyuklia mwaka 2023, na nafsi hiyo inaanza kuufinyanga upya ubongo wa V uwe wake. V anaambiwa na daktari wake kwamba amebakiwa na majuma machache.

Ustadi wa msuko huu uko katika kuvifanya ufufuo na mauti kuwa kitu kimoja. Chipu ikiondolewa, V atakufa. Ikibaki, mwili utaishi lakini V hatakuwamo. Msomaji aliyezoea masimulizi ya pwani yetu hatashindwa kuitambua hali hii. Katika mila za upungaji, pepo humpanda mtu, na aliyepandwa huitwa kiti. Pepo husema kwa kinywa cha kiti, hutaja lake atakalo, na mganga husimama kati kati kama mpatanishi. Aghalabu pepo hatolewi. Hutulizwa, hupewa ada yake, na wawili hao hujifunza kuishi pamoja. Uhusiano wa V na Johnny unafuata mkondo huo kwa karibu sana: kwanza uadui, kisha masharti, kisha aina fulani ya udugu. Hatudai kwamba watunzi wa Warsaw walizijua mila hizo. Tunadai tu kwamba mhakiki wa Kiswahili analo neno la kuielezea hali ya V ambalo wahakiki wengi wa Kizungu, wanaozungumza juu ya nakala za data, hawanalo.

Tofauti moja, hata hivyo, ni ya kimsingi. Pepo wa pwani ana ukoo wake na hiari yake. Johnny hana. Yeye ni mali: nafsi yake ilichukuliwa na Arasaka kwa programu iliyotungwa na Alt Cunningham, mwanamke aliyekuwa mpenzi wake, ikawekwa ghalani kama shehena. Kwa hiyo anayempanda V si mfu mmoja tu, bali pia ni shirika lenye hakimiliki ya mfu huyo. Hapa ndipo mchezo unapopata dhamira yake kuu, nayo ni nzito: katika ulimwengu ambamo kila kitu chauzwa, je, nafsi ni ya nani?

Usawiri wa Johnny, aliyeigizwa na Keanu Reeves, unastahili sifa. Ni mhusika anayechukiza kwa muda mrefu. Anajisifu, anawatumia watu, na kumbukumbu zake mwenyewe zinamtukuza. Waliomjua, hasa Rogue, wanamkumbuka kwa namna isiyompendeza, na mchezo haujisumbui kutuamulia nani msema kweli. Aidha, kwa kuwa masimulizi yote yanaonwa kwa macho ya V, Johnny huonekana akiegemea ukuta, akiketi dirishani, akivuta sigara mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayemwona. Mtazamo wa nafsi ya kwanza, ambao katika michezo mingi ni mbinu ya kulengea shabaha tu, hapa umepewa kazi ya kisanaa: mchezaji anashirikishwa katika wazimu wa mhusika wake.

Sehemu hii ina dosari moja. Urafiki wa V na Jackie, ambao kifo chake ndicho msumari wa kwanza wa tanzia nzima, haukujengwa kwa matukio. Baada ya utangulizi mfupi, miezi sita ya usuhuba wao hupitishwa kwa mfululizo wa picha za haraka: wanakula, wanapigana, wanacheka. Mtunzi ametuambia kwamba wanapendana badala ya kutuonyesha. Kasoro hiyo inafidiwa kwa kiasi na matanga. Iwapo mchezaji aliamua mwili wa Jackie upelekwe kwa jamaa zake, mama wa marehemu huwaita marafiki kwenye baa yake, kila mmoja huweka kitu cha marehemu kwenye meza ya kumbukumbu kwa desturi ya Wameksiko, na huzungumza. V anaweza kuweka kitabu cha Hemingway ambacho Jackie alikipenda. Hakuna risasi inayofyatuliwa. Iwapo mwili ulipelekwa kwa daktari, Arasaka huuiba, na hapo swali la nani anaimiliki maiti linajibiwa bila hotuba yoyote. Ni mahali pachache katika mchezo huu ambapo uamuzi wa mchezaji una uzito wa aina hii.

Mauti Yasiyo na Saa

Tumesema V amebakiwa na majuma machache. Hata hivyo, mara tu baada ya kuambiwa hivyo, simu yake inaanza kulia: huyu anauza gari, yule ana mashindano ya ndondi, mwingine anataka kibaka fulani ashughulikiwe. Mchezaji anaweza kuyashughulikia haya yote kwa muda apendao, siku mia za mchezo zikipita, na ugonjwa usisonge hata hatua moja. V hukohoa damu pale tu msuko mkuu unapomtaka akohoe. Katika riwaya tungesema kwamba wakati wa hadithi na wakati wa usimulizi vimetengana. Hapa tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu utengano huo haumtumikii msomaji, unaitumikia bidhaa: mji mkubwa umejengwa kwa gharama kubwa, na lazima mnunuzi atembezwe. Taharuki, ambayo ni uti wa mgongo wa msuko wa mtu anayekufa, inalipa gharama ya matembezi hayo.

Yapo pia malalamiko ya mara kwa mara kuhusu asili tatu za V, yaani kuzaliwa katika wahamahamaji wa jangwani, kukulia mtaani, au kulitumikia shirika. Malalamiko hayo ni ya haki. Asili hizo hutofautiana kwa saa moja hivi ya mwanzo na kwa vijisentensi vya hapa na pale, kisha njia zote huingia katika barabara moja. Hatutakaa hapo.

Utu Usio na Gharama

Katika mchezo wa mezani wa Pondsmith, kila kiungo bandia kinachoongezwa mwilini kina bei mbili: fedha na utu. Utu ni tarakimu iandikwayo kwenye karatasi ya mhusika, nayo hupungua. Ikipungua mno mhusika hurukwa na akili, na mwenye kumcheza humkabidhi kwa msimamizi wa meza. Kanuni hii ni jazanda iliyogeuzwa kuwa hesabu. Mchezaji anayetamani mkono wa chuma hana budi kukadiria ni kiasi gani cha yeye mwenyewe yuko tayari kukiuza.

Watunzi wa Cyberpunk 2077 wameyahifadhi matokeo ya kanuni hiyo, lakini kanuni yenyewe wameiondoa. Mjini wamo watu 17 waliorukwa na akili kwa sababu ya viungo bandia, na mwanahabari wa zamani, Regina Jones, anamwomba V awakabili bila kuwaua ili watibiwe. Maandishi yanayopatikana kando ya kila mmoja wao, barua, miadi ya daktari, madai ya deni, ni hadithi fupi za huzuni zilizoandikwa kwa mkono mwema. Lakini V mwenyewe anaweza kubadilisha macho, mikono, moyo, ngozi na mifupa asipoteze chochote. Yeye peke yake katika mji mzima ana kinga. Toleo la mwaka 2023 liliweka kikomo cha idadi ya viungo ambavyo mwili unaweza kuvibeba, lakini kikomo hicho ni cha uwezo, si cha utu.

Huu, kwa maoni yetu, ndio udhaifu mkubwa wa mchezo kifani. Maudhui yanasema kwamba teknolojia inayouzwa na mashirika inamla mtu. Fani inasema: nunua zaidi, utakuwa na nguvu zaidi. Kila adui anayeanguka huacha silaha, kila silaha ina tarakimu, na tarakimu kubwa ni bora kuliko ndogo. Mchezaji anayezila njama za Arasaka kwa maneno anaziishi kwa vitendo. Mtu anaweza kudai kwamba hicho ni kinaya cha makusudi. Tungekubali dai hilo kama mchezo ungekuwa na pahali popote ambapo unamgeukia mchezaji na kumwonyesha mkoba wake. Hatukupaona.

Joshua

Miongoni mwa visa vya pembeni, ambavyo kwa jumla ni bora kuliko vile vya njia kuu, kimoja kinapaswa kusomwa na kila anayedai kwamba aina hii ya sanaa haiwezi kubeba fikra. V anakodiwa na mume wa marehemu amuue mfungwa aitwaye Joshua, aliyemuua mkewe. Mume huyo anapigwa risasi na polisi, na V anajikuta ndani ya gari la polisi pamoja na mfungwa. Joshua ameongoka. Kampuni ya burudani imemnunua kutoka gerezani ili asulubishwe mbele ya vinasa hisia, na rekodi iuzwe kwa watu watakaoyapitia maumivu na imani yake kana kwamba ni yao. Kabla ya hapo anataka kumwona Zuleikha, dada wa mmoja wa aliowaua, ambaye amemsamehe. Mama mtu hajasamehe, na anataka wageni watoke nyumbani mwake.

Mchezaji anaweza kuondoka wakati wowote. Akibaki, anaweza kumtia Joshua moyo au kumtia shaka, na mwishoni anaombwa apigilie misumari. Sifa ya kisa hiki ni kwamba hakimzawadii mtu. Hakuna jibu linalotangazwa kuwa sahihi. Imani ya Joshua huenda ni ya kweli na papo hapo ni bidhaa; mtayarishaji wa filamu ni mchoyo, lakini bila yeye Joshua angenyongwa asisikike. Tena ni kisa kinachotumia kile ambacho riwaya haina. Kwa kuwa vidole vya mchezaji ndivyo vinavyobonyeza, swali la ushiriki wetu katika mateso yanayotazamwa kwa starehe haliulizwi kwa nadharia. Wapo wachezaji walioizima mashine hapo. Nadhani watunzi waliwatarajia.

Pacifica

Sasa tufike Pacifica, mtaa ambao msomaji wa Kiafrika hawezi kuupita kwa utulivu. Ulikusudiwa kuwa mahali pa anasa kando ya bahari. Wahaiti, wakimbizi wa nchi iliyoangamizwa na maafa, walitumika kuujenga. Kisha wenye mitaji wakajiondoa, majengo yakaachwa magofu, na wajenzi wakabaki ndani yake. Historia hii imebuniwa kwa akili. Ni historia ya bandari na miji mingi ya watu weusi, na imeelezwa kwa mandhari zaidi ya maneno: mabembea yaliyoota kutu, hoteli zisizo na vioo, kanisa dogo lililogeuzwa makao.

Wenye mamlaka pale ni kundi liitwalo Voodoo Boys, wakiongozwa na Maman Brigitte na msaidizi wake Placide. Yapo mawili ya kusifiwa. La kwanza, watu hawa wanazungumza Krioli ya Haiti, tena kwa kirefu, na tafsiri yake hujitokeza machoni mwa V kwa msaada wa kifaa chake. Lugha ya watu wadogo imepewa nafasi ya kuwa lugha ya siri na ya maarifa, jambo ambalo sisi wa Kiswahili tunalithamini. La pili, wao ndio mabingwa wakuu wa mitandao. Imani yao haikuwekwa kinyume cha sayansi. Ndiyo njia yao ya kuifikiria. Wanataka kuvuka ule ukuta unaotenganisha mitandao ya wanadamu na akili bandia zilizoasi, kwa kuwa wanaamini kwamba ukuta huo utaanguka siku moja na watu wao lazima wawe wamejiandaa. Hii ndiyo siasa ya mbali zaidi katika mchezo mzima.

Lakini tazama yanayofuata. Placide anamtuma V katika kituo cha maduka kilichotelekezwa akamkabili afisa wa shirika linaloilinda mitandao. Afisa anamwambia V kwamba weusi hawa wamemtega na watamuua akishamaliza kazi. Mchezaji anaweza kumwamini au kumkataa. Akimkataa kwa uaminifu kwa watu wa Pacifica, inadhihirika kwamba afisa alisema kweli: Placide anamtoa V kafara bila kusita, naye ananusurika kwa bahati ambayo Placide hakuipanga. Maana yake ni kwamba muundo wenyewe wa kisa umempa haki askari. Mchezaji aliyewaamini watu waliodhulumiwa ameonyeshwa kuwa mjinga; aliyeliamini shirika ameonyeshwa kuwa mwerevu. Baadaye V anaweza kuwaua wote kanisani mwao, na hadithi kuu inaendelea kana kwamba walikuwa daraja tu la kumfikia Alt.

Linganisha na wahamahamaji wa jangwani, ukoo wa Panam Palmer. Nao ni wezi, wabishi na wasiowaamini wageni. Lakini mchezaji hupewa jioni nzima za kuketi nao motoni, husikiliza ugomvi wao, huzika wafu wao, na mwishoni hualikwa kuwa mmoja wao. Pacifica haina jioni kama hizo. Hatusemi kwamba Wahaiti walipaswa kuwa wema. Wahusika wema kupita kiasi ni tusi la aina nyingine. Tunasema kwamba hila ya Panam imepewa sababu na hila ya Placide imepewa misuli. Na kwa kuwa aliyeuwaza ulimwengu huu kwanza ni mtu mweusi, jambo hili halielezeki kwa urahisi kwa kutaja rangi ya watunzi. Linaelezeka kwa mgawo wa muda: nani alitengewa saa nane za masimulizi, na nani mbili.

Kuna upungufu wa pili unaohusiana na huo. Ukiacha Voodoo Boys, hakuna mtu mjini anayewaza mpango wowote wa pamoja. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), anamtia Dzombo ndani ya chombo cha angani ili afe, na badala yake anamfikisha katika jamii iliyopangwa upya kwa misingi ya usawa. Unaweza kuulaumu ufundi wa riwaya hiyo, ambayo wakati mwingine huhubiri, lakini haiwezi kulaumiwa kwa kukosa kuwaza. Cyberpunk 2077 una picha bora mara elfu, na katika miisho yake yote hakuna unaowaza zaidi ya hatima ya mtu mmoja na rafiki zake wawili watatu. Hata pale Arasaka inapodhoofishwa, utaratibu ulioizaa unaachwa ulivyo.

Matini Ipi?

Habari za mchezo huu zilipoenea mwaka 2020, wengi hawakuzungumza juu ya nafsi wala Pacifica. Walizungumza juu ya ubovu. Zaidi ya nakala milioni 13 ziliuzwa kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, na katika mashine za kizazi kilichopita mchezo uliganda, watu walipenya kuta, na polisi walizuka mgongoni mwa mhalifu kutoka hewani. Sony iliuondoa dukani mwake mwezi huo huo wa Desemba na kuurudisha Juni 2021. Septemba 2023 lilitoka toleo lililobadilisha mfumo wa ujuzi, silaha na polisi, na kwa wakati huo huo nyongeza iitwayo Phantom Liberty, inayoanzisha mtaa mpya, wahusika wapya, akiwamo jasusi Solomon Reed aliyeigizwa na Idris Elba, na mwisho mpya.

Mwisho huo unamponya V. Serikali inampasua na kuitoa chipu, Johnny anatoweka, V anaamka baada ya miaka miwili ya usingizi, na mishipa yake haiwezi tena kuvipokea viungo vya kupigania. Anawapigia rafiki zake simu. Judy ameolewa na anaishi mji mwingine. Daktari Viktor, aliyekuwa huru, sasa yuko chini ya kampuni. Vibaka wawili watatu, ambao jana V angewamaliza kwa kupepesa jicho, wanampiga ngazini, naye hana la kufanya. Katika ukurasa huu mmoja, tukiruhusiwa kuuita ukurasa, mchezo umeitoza ile gharama ambayo tulilalamika haipo: uhai umelipiwa kwa tarakimu zote. Ajabu ni kwamba aliyecheza toleo la mwaka 2020 hakuyaona haya, na aliyenunua mchezo bila nyongeza hatayaona.

Kwa wenzetu wanaoshughulikia tendi za kale tatizo hili si geni. Al-Inkishafi umetufikia kwa miswada inayotofautiana beti na mpangilio, na hakuna mhariri makini anayeunukuu bila kutaja mswada. Tofauti ni kwamba miswada ya zamani hukaa pamoja makavazini, ilhali toleo jipya la mchezo hufuta la zamani ndani ya mashine ya msomaji. Pendekezo la tasnifu juu ya mchezo wa namna hii likiletwa mbele ya idara, basi, lisikataliwe kwa sababu ya jina lake. Lidaiwe mambo matatu: mtafiti ataje namba ya toleo alilolicheza na tarehe, aambatishe kumbukumbu ya maamuzi yake, ili msahihishaji ajue ni V yupi anayezungumziwa, na acheze angalau mara mbili, mara moja akimwamini Placide na mara nyingine akimwamini yule afisa.